Utokako, Uendako

Mchezo wa kina mama ulipofika zamu yangu,
laki moja na themanini, noti zinanuka mafuta ya nazi
kwa kuwa Mama Kuluthumu huziweka kwenye kopo la vitumbua,
sikununua bati, sikununua godoro.
Nikasema nataka kulala ufukweni.
Wifi yangu Hidaya akacheka mpaka akashika ukuta:
"Kulala ufukweni? Wewe si mtu wa hapa hapa?"

Kweli, mtu wa hapa hapa.
Miaka ishirini na sita Mbagala Kizuiani,
mguu kwenye pedali, nashona sare za watoto wa watu,
na bahari naijua kama jirani wa nyuma ya ukuta:
chumvi yake inanilia nondo za dirisha,
sura yake mpaka kuwe na msiba ng'ambo.

Basi nikachagua, kama anayechagua khanga:
nikageuza, nikasoma jina, nikarudisha.

Kunduchi mlinzi aliniuliza nimemfuata nani.
Nikamwambia nimejifuata mwenyewe.
Akapiga simu ndani. Hawakupokea.

Msasani chumba kizuri, taulo limekunjwa likawa bata,
lakini bahari ilikuwa kwenye picha, juu ya kitanda;
dirishani ni ukuta wa tajiri, vipande vya chupa juu.

Mbezi walikuwa na nafasi moja, ubavuni mwa ukumbi,
spika zimekaa dirishani kama wakwe.
"Kelele zinaisha saa ngapi?"
"Inategemea na bwana harusi."

Na ilikuwa Idi pili. Mji mzima umeteremkia majini,
watoto na magauni yenye mikunjo ya dukani bado,
bei zimejaa kama maji ya bamvua.
Nikavuka kwa pantoni, kikapu kwapani,
nikaanza kujisemea kwamba Hidaya ana akili.

Mjimwema kuna nyumba ya wageni, bati jekundu,
kijana wa mapokezi anaitwa Erasto, anamenya karanga.
Vyumba viwili vimebaki.
Cha nyuma, elfu arobaini na tano, kinatazama jenereta.
Cha mbele, tisini, kinatazama maji.
Hesabu hainipi shida, mimi ni mtu wa futi kamba:
siku mbili za jenereta
au moja ya bahari.
Kitambaa kile kile, ni wapi tu upitishe mkasi.

Erasto alimenya karanga sita nikiwa nimesimama.

"Cha mbele," nikasema. "Siku moja."

Akanisogezea daftari, kalamu imefungwa kwa kamba
kana kwamba itatoroka bila kulipa.
Jina: Somoe Pazi. Kabila: Mzaramo.
Kazi: fundi cherehani.
Utokako: Mbagala.
Uendako: Mbagala.
Akasoma, akanitazama, akasoma tena.
"Mama, hapa watu huwa wanaandika safari."
"Ndiyo hiyo."

Nikafungua dirisha lote.
Nikavua viatu; miguu ina uvimbe wa Januari,
wa sketi za bluu mia mbili na kumi na moja.
Nikasema nijilaze kidogo, niisikilize kabla ya kula.
Ilikuwa saa mbili usiku. Labda haijafika.

Nikaamka jua liko kwenye shuka.
Hakuna aliyeniita, hakuna aliyegonga
kuulizia kifungo, zipu, chenji, chumvi.
Maji yalikuwa yamekupwa, yako kule mbali, kimya,
yameacha mchangani mistari ya mawimbi
niliyoyalipia yote
na sikusikia hata moja.

Nikaketi kitandani nikacheka peke yangu,
nikaukunja mto, nikaukunjua.

Hidaya ataniuliza bahari inasemaje usiku.
Nitamwambia: inakoroma.